Jaribu Kwanza, Badili Baadaye: Plagi za Joto za Injini ya Dizeli kama Somo la Sayansi

Utangulizi

Asubuhi moja ya mwezi wa Julai nilikwenda kumkagua mwalimu mwanafunzi aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya msingi iliyo kando ya barabara itokayo Kahama kwenda Geita. Nilifika kabla ya saa mbili. Nilikuta darasa zima la sita liko nje, likisukuma gari.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu kuukuu ya dizeli, mali ya mzazi mmoja. Kila siku lilichota mapipa ya maji ya shule, na usiku lililala shuleni kwa sababu kuna mlinzi. Nilipouliza, niliambiwa kwamba kwa majuma matatu lilikuwa haliwaki asubuhi mpaka lisukumwe. Kazi hiyo ilikula nusu ya kipindi cha kwanza, na kipindi cha kwanza kilikuwa cha sayansi.

Siku hiyo somo lilihusu umeme. Mwalimu mwanafunzi, akitaka kutumia mfano wa mazingira, aliwaambia watoto kwamba ndani ya injini ya lile gari zimo plagi zinazopashwa moto kwa umeme wa betri, na kwamba pasipo plagi hizo injini ya dizeli haiwezi kuwaka. Msichana mmoja akasimama akauliza: "Mwalimu, mashine ya karasha ya baba haina plagi wala betri. Mbona inawaka?"

Mwalimu akajibu: "Hilo halimo katika somo la leo. Kaa chini."

Baada ya kipindi tulikaa chini ya mti kuzungumza. Aliniambia kwa unyofu, "Mkufunzi, sikuwa na jibu." Nami sikuwa na jibu lililokamilika. Makala haya yana shabaha ya kulitoa jibu hilo, kueleza namna plagi za joto zinavyojaribiwa na kubadilishwa katika injini za zamani, na kuonyesha jinsi kazi hiyo ya fundi inavyoweza kuwa somo zuri la sayansi katika shule ya msingi.

Kwa nini dizeli huwaka

Injini ya petroli huwasha mafuta yake kwa cheche. Injini ya dizeli haina cheche. Mhandisi Rudolf Diesel, aliyeipatia hataza mwaka 1892 na kuikamilisha katika mji wa Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, alitumia jambo ambalo kila mtoto wa Shinyanga aliyewahi kujaza upepo baiskeli amekwisha kuligusa kwa mkono wake: hewa ikigandamizwa hupata joto.

Katika silinda ya injini ya dizeli, pistoni hupanda na kuibana hewa mpaka ibakie katika nafasi ndogo sana, kiasi cha sehemu moja ya ishirini ya nafasi yake ya kwanza. Hewa hiyo huweza kufikia joto la zaidi ya nyuzi 500 za Sentigredi. Dizeli huanza kuwaka yenyewe inapofika kiasi cha nyuzi 250 hivi. Kwa hiyo nozeli inaporusha mafuta yaliyokuwa kama ukungu ndani ya hewa hiyo, mafuta huwaka papo hapo. Ni dhahiri, basi, kwamba mwashaji halisi wa dizeli ni mgandamizo wa hewa. Plagi ni msaidizi tu, na kauli ya mwalimu wetu kwamba pasipo plagi dizeli haiwaki haikuwa sahihi.

Msaidizi huyo anahitajika lini? Katika injini nyingi za zamani za magari madogo, dizeli hairushwi moja kwa moja juu ya pistoni. Hurushwa kwanza katika chemba ndogo iliyo kando, ndani ya silinda hedi. Kuta za chemba hiyo ni za chuma, na injini ikiwa imelala usiku kucha, chuma hicho hunyonya joto la hewa kabla mafuta hayajashika moto. Hapo ndipo plagi ya joto huingia. Ncha yake hukaa ndani ya chemba, na dereva anapogeuza ufunguo nusu na kungoja, umeme huipasha mpaka iwe nyekundu, nyuzi 800 na zaidi. Mafuta yanayopita karibu nayo huwaka, na injini huamka.

Wengine husema kwamba plagi hizi ni za watu wa Njombe na Mbeya kwenye baridi kali. Si kweli. Usiku wa Juni na Julai hapa kwetu hali ya hewa hushuka hadi karibu nyuzi 15. Kwa injini ya namna hiyo, hasa iliyokwisha chakaa na kupoteza sehemu ya mgandamizo wake, nyuzi 15 zatosha kuizuia isiwake.

Jibu la swali la karasha

Sasa turudi kwa yule msichana. Injini nyingi zinazozungusha makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, na zile za mashine za kusaga nafaka vijijini, zina silinda moja na huwashwa kwa hendeli. Zinawaka bila plagi kwa sababu mbili zinazoonekana kwa macho.

Kwanza, zina kishikio kidogo kinachoinua vali. Mwendeshaji akikiinua, hewa hutoka bila kubanwa, na hendeli huzunguka kwa wepesi. Pili, zina gurudumu zito ambalo mafundi huliita flaiwili. Mwendeshaji huzungusha mpaka gurudumu lishike kasi, kisha hukiachia kishikio. Nguvu iliyomo katika gurudumu huibana hewa kwa haraka, na joto halipati muda wa kutosha kukimbilia kwenye chuma.

Kuna sababu ya tatu inayozihusu injini nyingine, zikiwamo nyingi za malori makubwa. Hizo hurusha dizeli moja kwa moja juu ya pistoni. Chemba ya kando haipo, kuta za kunyonya joto ni chache, na mgandamizo peke yake hutosha katika hali ya hewa kama yetu.

Swali la mtoto, kumbe, lilikuwa ndani kabisa ya somo. Lililokuwa nje ya somo ni lile jibu la kumketisha.

Plagi zinavyounganishwa

Plagi ya joto, ambayo mafundi wetu wengi huiita hita plagi, ni bomba jembamba la chuma lenye waya wa kupata moto ndani yake. Mwili wake umefungwa kwenye silinda hedi kwa hesi, yaani meno ya skrubu. Kichwani ina nati ya kushikia waya wa umeme. Injini ya silinda 4 huwa na plagi 4, ya silinda 6 huwa na 6.

Katika pikapu na magari mengi ya Toyota ya zamani, vichwa vya plagi zote huunganishwa kwa bamba moja la chuma. Umeme huingia katika bamba, hugawanyika, na kila plagi hupata njia yake ya kurudi kwenye betri kupitia mwili wa injini. Hii ni sakiti sambamba. Plagi moja ikifa, nyingine huendelea kufanya kazi, na dereva huenda asigundue mpaka zife mbili au tatu.

Katika Land Rover za dizeli za zamani, zilizotapakaa nchini miaka ya 1970, plagi ziliunganishwa kwa mfululizo: umeme hutoka plagi ya kwanza, hupita ya pili, ya tatu, hadi ya mwisho. Hapo plagi moja ikikatika, zote hulala. Tena kila plagi ya namna hiyo hutumia chini ya volti 2. Ukiiunganisha peke yake na betri ya volti 12, itaungua mara moja.

Mwalimu anayefundisha sakiti ya mfululizo na sakiti sambamba hana haja ya kutafuta mfano mbali. Magari haya mawili ni mfano uliokamilika.

Kutambua ubovu

Hapa sina budi kukiri kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita gari tulilokuwa tukilitumia kuwafikia walimu wanafunzi lilianza kugoma asubuhi. Nami, kwa kuwa nilikwisha kusikia habari za plagi, nilishauri zinunuliwe 6 mpya. Fedha zilizotumika zilikuwa zimetengwa kwa zana za kufundishia. Plagi zikafungwa, na kesho yake gari likagoma kama jana. Fundi alipofuatilia waya unaoleta umeme kwenye bamba, alikuta mwisho wake umeliwa na kutu. Nilipozijaribu zile plagi kuukuu, zote zilikuwa nzima. Tulibadili kilicho kizima tukaacha kilicho kibovu, kwa sababu hatukujaribu.

Utaratibu unaofaa ni huu. Kabla ya kugusa plagi, sikiliza na utazame.

Injini ikizunguka kwa uzito na uvivu, tazama kwanza betri na vichwa vyake. Ikizunguka vizuri lakini ekzosi haitoi moshi wowote, yaelekea mafuta hayafiki: tazama chujio, na hewa iliyoingia katika mabomba ya dizeli. Ikigoma hata mchana ingali ya moto, ubovu uko mahali pengine, kwani injini ya moto haihitaji plagi. Lakini ikizunguka vizuri asubuhi, ikatoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, ikawaka kwa shida na kutetemeka, kisha ikatulia na mchana ikawaka mara moja, basi zishuku plagi pamoja na umeme unaozifikia.

Chombo cha kujaribia ni balbu ya taa ya kuonyesha kona yenye nyaya mbili. Kwa gari la volti 24 tumia balbu ya volti 24. Maelezo yafuatayo ni ya gari lenye sakiti sambamba.

Jaribio la kwanza: unganisha waya mmoja wa balbu na bamba la plagi, na wa pili na chuma kisafi cha injini. Mwenzako ageuze ufunguo hadi nafasi ya kupasha joto. Balbu isipowaka, umeme haufiki. Tafuta ubovu katika fyuzi, relei na nyaya, wala usinunue plagi.

Jaribio la pili: ikiwa umeme unafika, zima ufunguo, ondoa bamba ili kila plagi iwe peke yake. Unganisha waya mmoja wa balbu na upande chanya wa betri, na wa pili uugusishe kwenye kichwa cha plagi moja moja. Balbu ikiwaka, waya wa ndani haujakatika. Isipowaka, plagi hiyo imekufa. Andika matokeo ya kila silinda kwenye karatasi.

Jaribio hili lina mpaka wake. Linaonyesha kama njia ya umeme ni nzima, halionyeshi kama ncha inapata moto wa kutosha. Plagi ikishukiwa bado, ifunguliwe na itazamwe: ncha iliyovimba, kupasuka au kuliwa haifai tena.

Kubadili plagi

Kazi hii ni ya fundi, au ya mtu mzima aliye chini ya uangalizi wake. Mwalimu yampasa kuzijua hatua zake ili aweze kuzieleza kwa mpangilio.

1. Jioni ya kuamkia kazi, tia matone ya mafuta ya kulainisha kutu kwenye mashina ya plagi. Zilizokaa miaka mingi huwa zimeng'ang'ania.

2. Fanya kazi injini ikiwa vuguvugu, si ya moto. Zima ufunguo, kisha ondoa waya wa upande hasi wa betri.

3. Safisha vumbi na mchanga kuzunguka kila plagi. Mchanga ukianguka katika silinda, hukwangua kuta zake.

4. Fungua nati, toa bamba, na uweke nati zote katika kopo moja.

5. Fungua plagi kwa spana ya boksi inayoikaa sawasawa, kwa nguvu ya polepole. Ikikaza, irudishe nyuma kidogo, tia mafuta, ngoja, uanze tena. Plagi ikikatikia ndani, huenda silinda hedi nzima ikapasa kufunguliwa, na gharama yake ni kubwa mara nyingi kuliko bei ya plagi.

6. Linganisha mpya na ya zamani: urefu, hesi, na volti zilizoandikwa juu yake. Plagi ndefu kupita kiasi huweza kugonga sehemu za ndani, na ya volti pungufu huungua.

7. Futa masizi kwenye tundu. Ingiza plagi mpya kwa vidole mpaka ifike mwisho, ndipo umalizie kwa spana fupi kwa kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Kukaza kupita kiasi huharibu hesi.

8. Rudisha bamba, kaza nati, rudisha waya wa betri. Pasha joto, kisha washa.

Mafundi wengi hushauri kubadili plagi zote pamoja, kwa kuwa zilizozaliwa siku moja huchakaa karibu wakati mmoja. Ushauri huo ni mzuri fedha zikiwapo. Zisipokuwapo, badili zilizothibitika kufa na uhifadhi ile karatasi ya matokeo.

Kuna desturi mbaya ya kuamsha dizeli kwa kumwaga petroli au kupuliza etha kwenye njia ya hewa. Plagi zikiwa nyekundu, mvuke huo huwaka kabla ya wakati wake. Huweza kuvunja pistoni, na moto huweza kumrudia anayemwagia usoni. Wanafunzi wasishirikishwe kamwe, wala wasiruhusiwe kusimama karibu.

Kupeleka jambo hili darasani

Mwalimu asianze na gari. Aanze na vitu vidogo ambavyo mtoto anaweza kuvishika, kisha afike kwenye gari mwishoni. Vipindi viwili vyatosha.

Kipindi cha kwanza kihusu joto la mgandamizo. Zana ni pampu ya baiskeli. Mwanafunzi azibe tundu kwa kidole, mwenzake asukume kwa kasi mara thelathini. Watoto waguse sehemu ya chini ya pampu. Kabla ya jaribio waulizwe wanatarajia nini. Baada yake waulizwe joto limetoka wapi. Wengi watasema ni msuguano. Mwalimu asikatae. Awaombe wasukume mara thelathini tundu likiwa wazi, waguse tena pampu ikiwa imepoa kwanza, na walinganishe wenyewe.

Kipindi cha pili kihusu umeme na joto. Chukua uzi mmoja mwembamba wa stilwaya ya kusugulia sufuria, uuweke juu ya kopo la bati, na mwalimu mwenyewe auunganishe kwa nyaya na betri mbili za tochi. Uzi utakuwa mwekundu na kukatika. Hivyo ndivyo waya wa plagi unavyopata moto, na ndivyo unavyokufa. Kisha fungeni balbu mbili za tochi kwa mfululizo, mfungue moja; halafu mzifunge sambamba, mfungue moja. Watoto waseme ipi ni kama Land Rover ya zamani na ipi ni kama ile pikapu ya maji.

Ndipo darasa liende kwenye gari lililozimwa, ufunguo ukiwa mfukoni mwa dereva, kutazama bamba na kuhesabu plagi. Nashauri darasa lisipelekwe kwenye makarasha. Mikanda yake haina ngao, vumbi lake ni baya kwa mapafu, na katika sehemu nyingi za uchenjuaji kuna zebaki. Baadhi ya watoto wa ukanda huu huvutwa na kazi hizo mpaka wakaacha shule. Mtoto anayeijua injini ya karasha aheshimiwe kwa ujuzi wake, aeleze mbele ya wenzake, lakini maelezo hayo yatolewe shuleni.

Hitimisho

Yule mwalimu mwanafunzi alirudi darasani juma lililofuata akiwa na pampu ya baiskeli. Alimwita yule msichana mbele, akaliambia darasa kwamba swali lake lilikuwa sahihi na kwamba yeye mwalimu alikuwa amekosea. Msichana akaeleza jinsi baba yake anavyoinua kishikio na kuzungusha hendeli, na mwalimu akaeleza kwa nini. Siku hiyo jioni dereva na fundi wa kijijini walizijaribu plagi za pikapu kwa balbu. Katika 4, zilikuwa zimekufa 3. Mwenye gari alinunua 3 tu. Tangu hapo kipindi cha kwanza kilirudi mahali pake.

Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 tulihimizwa kwamba shule isitengane na kazi za jamii inayoizunguka. Darasa lile lilikuwa limeshiriki kazi kwa majuma matatu, kwa mabega, bila kujua sababu. Kazi bila maelezo haikuwa elimu. Nasi wakufunzi na walimu tunayo ya kujifunza kwa fundi mwenye balbu yake: darasa likishindwa zoezi, tusikimbilie kufundisha upya kila kitu kwa kila mtu. Tumjaribu mwanafunzi mmoja mmoja, tujue njia imekatika wapi, ndipo tutengeneze.

Maswali ya kujadili

1. Mwanafunzi anasema pampu ilipata joto kwa sababu ya msuguano tu. Ungefanya jaribio gani ili ajionee mwenyewe?

2. Eleza kwa nini plagi moja iliyokufa huweza kufichika katika pikapu lakini haifichiki katika Land Rover ya zamani.

3. Umeulizwa swali usilolijua mbele ya darasa. Andika maneno utakayomwambia mwanafunzi, na hatua utakazochukua kabla ya kipindi kinachofuata.

4. Taja mashine moja ya kijiji chako. Panga vipindi viwili vya sayansi vitakavyoishia kwenye mashine hiyo, na uonyeshe tahadhari zake.